Umechaguliwa kuongoza chama cha wataalamu wa nyuklia: anza hapa

Chama cha wataalamu wa sayansi na teknolojia ya nyuklia katika nchi zetu ni chama cha watu wanaokaguana. Mkaguzi wa TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, anaketi kamati moja na afisa wa kinga ya mionzi wa hospitali ambayo mwezi ujao ataenda kuikagua. Kenya hali ni hiyo hiyo: KNRA, mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na NuPEA, wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia uliotokana na Sheria ya Nishati ya mwaka huo huo, wote wana watu wao humo humo chamani. Waongeze wahadhiri, wataalamu wa fizikia tiba wa hospitali za Ocean Road na Bugando, wajiolojia wa urani wa Namtumbo, watafiti wa mbung'o wa Tanga, na mafundi wanaopiga picha za mionzi kwenye viungo vya mabomba. Wengi wanajuana kwa majina, wengine walisoma darasa moja, na karibu kila mmoja ama ameajiriwa na serikali ama anafanya kazi kwa leseni yake.

Ndiyo maana kazi ya mwenyekiti haianzii kwenye hotuba wala kongamano. Inaanzia kwenye kukitenga chama na ofisi za wanachama wake bila kuwafukuza wanachama wenyewe. Chama kisichofanya hivyo hugeuka idara ya ziada ya mdhibiti, au kikundi cha kupigia debe mradi fulani, na vyote viwili hufifia siku mkubwa wa ofisi akihamishwa.

Makabidhiano kwanza

Usitangaze mpango wowote kabla hujapokea vitu hivi kwa maandishi, vikiwa na sahihi ya anayetoka na anayeingia:

- cheti cha usajili na katiba yenye mhuri wa msajili, siyo ile iliyo kwenye kompyuta ya katibu;
- nakala za taarifa za mwaka zilizopelekwa kwa msajili, pamoja na stakabadhi za ada;
- orodha ya wanachama yenye tarehe ya malipo ya mwisho ya kila mmoja;
- taarifa ya benki ya miezi 12 iliyopita na majina ya watia saini;
- madeni na ahadi zote, hata zile za mdomo: ukumbi uliowekewa nafasi, mgeni aliyeahidiwa tiketi, tuzo iliyotangazwa bila fedha;
- kikoa cha tovuti, barua pepe ya chama, laini ya simu inayopokea malipo, na nywila zake.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Mara nyingi kikoa kimesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyekwenda masomoni, na laini ya malipo iko kwa kitambulisho cha mweka hazina wa awamu mbili zilizopita. Fungua barua pepe za vyeo, yaani ya katibu, ya hazina na ya kongamano, kisha uhamishie kila akaunti huko. Malipo yapitie lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama. Benki haitabadilisha watia saini bila muhtasari wa mkutano uliowachagua, wenye sahihi na mhuri, pamoja na vitambulisho vyao. Kwa hiyo muhtasari wa uchaguzi uandikwe na kusainiwa ndani ya wiki ya uchaguzi. Ukiachwa miezi miwili, nusu ya waliohudhuria watakuwa wanabishana nani alisema nini, na akaunti itakuwa imefungwa kwenu nyote. Watia saini wawe watatu, na kila malipo yahitaji wawili kati yao, wasiotoka kwa mwajiri mmoja.

Hakikisha pia chama kimesajiliwa panapostahili. Tanzania Bara chama cha taaluma cha namna hii husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Zanzibar ina sheria yake ya jumuiya, na Kenya ipo Sura ya 108. Mkitaka kumiliki kiwanja au jengo kwa jina la chama, undeni bodi ya wadhamini na muisajili RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sura ya 318. Wengi hulijua hili siku ya kusaini hati ya kiwanja, mwuzaji akiwa amekaa anasubiri.

Vifungu vitatu vya katiba

Isome katiba yote, ila penseli yako itue kwenye akidi, uchaguzi na utaratibu wa kubadilisha katiba yenyewe. Akidi ya nusu ya wanachama wote inapendeza kwenye karatasi. Chama chenye watu 180 waliotawanyika kutoka Kigoma hadi Mtwara hakitapata watu 90 ukumbini hata kwa dawa, na mkutano mkuu usio na akidi hauwezi kupitisha hesabu, hauwezi kuchagua, hauwezi hata kurekebisha hiyo akidi. Kifungu kinachofanya kazi husema hivi: akidi ni theluthi moja ya wanachama hai, mwanachama hai ni aliyelipa ada ya mwaka unaoendelea, anayehudhuria kwa mtandao anahesabika, akidi ikikosekana, mkutano unaahirishwa kwa siku 14 na watakaofika siku hiyo ndio akidi, isipokuwa kwa kubadilisha katiba.

Kuhusu uongozi, igeni mnyororo wa miaka mitatu unaotumiwa na Chama cha Nyuklia cha Marekani, ANS, kilichoanzishwa mwaka 1954. Kule mtu huchaguliwa kuwa makamu na rais mteule, mwaka unaofuata anakuwa rais, kisha anabaki kama rais aliyetangulia. Anayeongoza anakuwa ameshaona mzunguko mmoja wa bajeti na makongamano kabla hajashika usukani. Mwaka mmoja ni mfupi kwa chama kisicho na ofisi ya kudumu. Sisi tunashauri kipindi cha miaka miwili kwa mwenyekiti, na mwenyekiti mteule achaguliwe mwaka mmoja kabla. Katibu na mweka hazina wasimalize muda wao pamoja na mwenyekiti, la sivyo kumbukumbu yote ya chama inatoka mlangoni siku moja.

Mkaguzi na mkaguliwa meza moja

Hapa ndipo vyama hivi huharibikia, na huharibika kimyakimya. Mwanachama anayemiliki kliniki ya eksirei anaomba "chama kizungumze" na mdhibiti kuhusu kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi. Mkurugenzi wa mdhibiti, akiwa pia mwenyekiti wa chama, anatoa tamko ambalo hakuna anayejua kama ni la ofisi au la chama. Kampuni inayouza mashine inafadhili chakula cha mchana, na muuzaji wake anapewa dakika 40 kwenye mkutano wa kisayansi. Kila jambo kwa peke yake ni dogo.

Kanuni zenyewe zisizidi ukurasa mmoja, na zipitishwe na mkutano mkuu ili mwenyekiti anapozitekeleza asionekane ana chuki na mtu:

Mkuu wa taasisi ya udhibiti hawi mwenyekiti, katibu wala mweka hazina akiwa bado madarakani. Watumishi wake wengine wanakaribishwa, na mchango wao ni wa thamani kubwa.

Mwajiri mmoja hatoi zaidi ya viongozi wawili kwenye kamati tendaji.

Leseni, ukaguzi au kesi ya mwanachama yeyote haijadiliwi katika kikao cha chama. Akianza kuieleza, mwenyekiti anamkatisha hapo hapo, kwa adabu, na muhtasari unaandika kwamba hoja haikupokelewa.

Chama kikitoa maoni juu ya rasimu ya kanuni za mionzi, wanachama wanaofanya kazi kwa mdhibiti wanaweza kufafanua rasimu, lakini hawapigi kura juu ya maoni hayo.

Mwanzoni mwa kila kikao cha kamati, kila mjumbe anataja maslahi yanayogusa ajenda ya siku hiyo na yanaandikwa kwenye daftari la maslahi. Inachukua dakika tatu. Ukiiacha vikao viwili, cha tatu mtu ataiona kama tuhuma.

Kama sekretarieti inakaa kwenye chumba cha taasisi fulani, andikianeni hati ya makubaliano yenye muda, na barua za chama zisitoke kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi hiyo. Jihadharini pia na vyeti. Chama kikiendesha mafunzo ya siku tatu ya kinga ya mionzi na kutoa cheti chenye nembo na muhuri mwekundu, kuna mtu atakipachika ukutani na kumwambia mkaguzi kwamba ameruhusiwa kuendesha mashine. Kila cheti kiandikwe mada, idadi ya saa na maneno haya: "Cheti hiki ni cha kuhudhuria mafunzo. Si leseni wala kibali cha kutumia chanzo cha mionzi."

Ada

Chukua mfano wa chama cha watu 180, ada TSh 50,000 kwa mwaka. Bajeti ya matamanio itasema milioni 9. Panga kwa asilimia 60, yaani watu 108 na TSh 5,400,000, kisha kila kinachozidi kiende akiba hadi ifike gharama za uendeshaji za miezi sita. Kumbusho la ada litumwe mara tatu: siku 30 kabla ya mwaka wa chama kuanza, wiki ya kwanza ya mwaka, na siku 30 kabla ya orodha ya wapiga kura kufungwa. Hilo la tatu huingiza fedha kuliko mengine yote, na hakuna aibu kulitegemea.

Uanachama wa taasisi uleteni, lakini taasisi isipate zaidi ya kura moja, au isiwe na kura kabisa. Mafundi wa radiolojia na wapima mionzi hujiondoa pole pole chama kinapokuwa cha wenye shahada za uzamivu peke yao. Watengeeni kiti kimoja cha kudumu kwenye kamati, na angalau mhadhara mmoja wa mtandaoni kila mwezi, saa moja kamili, juu ya kazi ya mikono: kukagua ubora wa mashine ya eksirei, kusoma ripoti ya dosimita (kipima dozi anachovaa mfanyakazi), kufungasha sampuli za chakula kwa ajili ya maabara. Kamati ndogo tatu zinatosha chama cha ukubwa huu: taaluma na mafunzo, kongamano, mawasiliano ya umma. Kamati nane ni orodha ya watu wasiokutana.

Kongamano

Tarehe ndiyo uamuzi mkubwa kuliko mada. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza 1 Julai. Juni vifungu vya safari vimekwisha. Julai na hata Agosti fedha mpya hazijashuka. Septemba wakuu wa taasisi wako Vienna kwenye Mkutano Mkuu wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Desemba watu wanasafiri makwao. Inabaki Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba, na hapo kuna bahati ya pekee: 7 Novemba, siku aliyozaliwa Marie Curie mwaka 1867, ndiyo Siku ya Kimataifa ya Fizikia Tiba, na kesho yake ni Siku ya Kimataifa ya Radiolojia. Hospitali huwa tayari zina shughuli na wageni. Anayetaka waajiri walipie washiriki wake apeleke barua kabla bajeti za mwaka ujao hazijafungwa, yaani miezi ya kwanza ya mwaka wa kalenda. Barua ya Septemba inakuta kifungu hakipo.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ufunguzi. Miezi 12 kabla, tarehe na ukumbi. Miezi 9, wito wa ikisiri, yaani muhtasari wa kila mada. Miezi 6, mwisho wa kupokea, ukitangaza wazi kwamba mtaongeza wiki mbili tu (mtaongeza, kila mtu anajua). Miezi 4, majibu kwa waandishi. Miezi 3, barua za mwaliko, kwa sababu mtumishi wa umma anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi na wengine wanahitaji viza. Wiki 6, ratiba kamili. Wiki 2, hakuna badiliko lolote isipokuwa la mgonjwa.

Ikisiri isizidi maneno 300, isomwe na wahakiki wawili wasiojua jina la mwandishi, na mmoja wao asitoke taasisi ya mwandishi. Kwenye fomu weka visanduku vitatu ambavyo mwandishi lazima avitie alama. Kwanza, mwajiri ameridhia. Pili, utafiti unaohusu wagonjwa una kibali cha maadili. Tatu, kazi haina taarifa nyeti za usalama wa vyanzo. Hiki cha tatu chama cha fani nyingine hakikijui, na wanafunzi wetu hukikosea bila nia mbaya. Mtu anaeleza chumba cha mashine ya kobalti-60, anaweka picha ya mlango na kufuli zake, ramani ya ghorofa, na muda ambao mlinzi hubadilishana zamu. Au anachora ratiba ya kusafirisha vyanzo vya kundi la 1 na la 2, yale makundi mawili ya juu katika mgawanyo wa IAEA wenye makundi matano. Mhakiki mmoja apewe kazi hiyo peke yake: kusoma kila slaidi kwa jicho la usalama na kurudisha isiyofaa. Ziara ya kutembelea maabara au kitengo cha tiba ya mionzi ifuate utaratibu huo huo, yaani majina yapelekwe mapema, picha zipigwe mahali palipoonyeshwa na mwenyeji tu, na mtu wa mwisho kutoka ahesabiwe.

Fedha za kongamano zipimwe kwa hesabu moja rahisi, ambayo kamati nyingi huikwepa hadi deni liwakute. Tenga gharama zisizobadilika na zile za kila kichwa. Tuseme ukumbi, vipaza sauti, uchapishaji na tiketi za wazungumzaji ni TSh 14,000,000. Chai, chakula na begi kwa siku mbili ni 110,000 kwa mtu. Kiingilio ni 250,000. Kila anayelipa anaacha 140,000, kwa hiyo mnahitaji walipaji 100 ili msipate hasara. Sasa kumbukeni wanafunzi 25 mliowaahidi kuingia bure: wanakula 2,750,000, na idadi ya walipaji inapanda hadi 120. Wageni waalikwa, madereva na waandishi wa habari nao wanakula. Kama miaka miwili iliyopita walilipa watu 85, punguzeni ukumbi au siku. Msipandishe makadirio ya watu ili bajeti ikae sawa. Fedha ya mfadhili ihesabiwe ikishaingia benki, na mkataba wake useme anapata meza ya maonyesho na nembo, hapati nafasi kwenye ratiba ya kisayansi.

Wazungumzaji wakuu wawili wanatosha. Muda wa kila mada ni dakika 12 na maswali 3, na mwenyekiti wa kikao awe mtu anayeweza kumkalisha profesa wake wa zamani. Mtu wa namna hiyo ni adimu. Ukimpata, mpe kikao cha mchana baada ya chakula.

Kusema hadharani

Chama hiki kitaulizwa mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni swali la kawaida kutoka kwa mwandishi wa habari au mzazi: je, eksirei ni hatari? Tayarisha ukurasa mmoja wa namba ambao kila msemaji anaubeba. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni takriban milisivati 2.4 (milisivati ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mtu kwa mwaka. Ukomo kwa mfanyakazi ni milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na usizidi 50 katika mwaka wowote. Ukomo kwa mwananchi kutokana na shughuli zenye leseni ni milisivati 1 kwa mwaka, juu ya ile ya asili. Picha moja ya kifua haifikii hata sehemu ya kumi ya milisivati kwa mashine inayotunzwa vizuri. CT ya tumbo, picha ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta, hukaribia milisivati kumi. Makosa yanayorudiwa ni mawili. Msemaji husema ile milisivati 1 kama vile ndio mpaka wa kifo, wakati ni kiwango cha udhibiti. Au anamtajia mgonjwa ukomo wa mwananchi, na mgonjwa anakataa matibabu; ukomo huo haumhusu mgonjwa, yeye anapimwa kwa faida ya kipimo ukilinganisha na hatari yake.

Mifano ya karibu iwe tayari pia. Unguja haina mbung'o tangu mwaka 1997, na silaha iliyomaliza kazi ilikuwa madume yaliyofugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi ya gama, yakaachiwa kwa ndege. Mfugaji anaelewa hapo kuliko kwenye mchoro wa kinu.

La pili ni mjadala wa sera: mgodi wa urani, kinu cha umeme, kuhifadhi mabaki. Hapa chama kisiongee kwa kinywa cha mtu mmoja. Rasimu ya msimamo iandikwe na watu watatu kutoka kwa waajiri watatu tofauti, isizidi ukurasa mmoja, ikae kwa wanachama siku 14 kwa maoni, ipitishwe na theluthi mbili za kamati, na iandikwe tarehe ya kutolewa na ya kwisha, miaka mitatu baadaye. Ndani yake yatenganishwe mambo matatu: yanayojulikana kwa vipimo, yanayokadiriwa, na yale ambayo ni uamuzi wa wananchi na Bunge. La mwisho chama hakina mamlaka nalo, hata kama wanachama wake wote wana maoni.

Uyombo, Kilifi, pwani ya Kenya, ni somo kwa kila chama cha ukanda huu. Wakazi waliopinga kujengewa kinu walitaja uvuvi, mikoko, msitu wa Arabuko-Sokoke, utalii na ardhi yao. Mengi ya maswali hayo si ya mionzi. Mtaalamu wa fizikia anayesimama kijijini na kuwaeleza wavuvi kwamba hofu yao inatokana na kutojua sayansi amejibu swali ambalo hakuulizwa, na amekipotezea chama miaka. Ukialikwa kwenye mkutano wa namna hiyo, nenda na mtu wa uvuvi na mtu wa sheria ya ardhi. Jibu yanayokuhusu. Kwa mengine sema wazi kwamba si fani yenu.

La tatu ni ajali. Wengi hufikiria kinu. Kinachoweza kutupata sisi mapema zaidi ni chanzo kilichotelekezwa. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, kifaa cha tiba ya mionzi kilichoachwa kwenye jengo tupu kilibomolewa kwa ajili ya vyuma chakavu. Siziamu-137, dutu yenye mionzi iliyokuwa ndani yake, ikasambaa, watu wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipangwa foleni kupimwa. Kazi ya chama kabla ya siku hiyo ni kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kuwaonyesha alama ya mionzi, duara dogo lenye mabawa matatu juu ya njano, na kontena la metali ya risasi lenye uzito usiolingana na ukubwa wake. Waachieni namba ya simu ya mdhibiti, siyo ya chama.

Siku yenyewe ikifika, chama kinatoa sentensi tatu tu: mdhibiti ndiye anayesimamia tukio, namba yake ni hii; usiguse, sogea mbali, zuia wengine; aliyegusa anawe mikono, asile wala kuvuta sigara, aende kupimwa mahali palipotangazwa. Hakuna makadirio ya kipimo kutoka kwenye chama, hata mwandishi akikupigia mara kumi. Wanachama wenye vipima mionzi wasikimbilie eneo la tukio bila kuitwa. Kipimaji cha Geiger kisichofaa kikiingia kwenye mionzi mikali kinaweza kuzidiwa kikasoma sifuri, na mtu akaamini mahali ni salama. Mwingine atasoma mikrosivati na kutangaza milisivati, kosa la mara elfu moja, na picha ya skrini yake itakuwa imeshafika kila kundi la WhatsApp. Kundi la wanachama lifungwe kwa muda, viongozi pekee waandike, hadi mdhibiti atoe taarifa yake ya kwanza.

Shuleni

Maonyesho ya shule hayahitaji chanzo chenye leseni, na usibebe kile kidogo cha kujaribia mashine kwenye mfuko wa koti. Chukua mbolea ya kloridi ya potasiamu, ambayo ina takriban bekereli 16 kwa gramu (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde) kutokana na potasiamu-40 ya asili. Pima mionzi ya chumba kwa dakika tano, andika, kisha weka kilo moja ya mbolea kwenye sahani chini ya kipimaji chenye dirisha pana na upime dakika tano tena. Tofauti ni ndogo lakini inaonekana, na wanafunzi wenyewe wanaihesabu. Ukipima dakika moja tu, bahati nasibu ya mapigo itaificha. Ndizi iache sokoni: ina bekereli kama 15 nzima yake, kipimaji cha kawaida hakitaiona, na mwalimu atadhani kifaa ni kibovu.

Nje ya nchi

Msaada wa kiufundi wa IAEA hupitia kwa afisa kiungo wa taifa, kwa hiyo chama hakiombi mradi moja kwa moja. Mpelekee yeye mawazo mapema, kabla mzunguko wa miradi ya miaka miwili haujafungwa. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ulioanzishwa mwaka 2020 kwa wanawake wanaosoma shahada ya uzamili, huombwa na mwanafunzi mwenyewe mtandaoni, na hutoa hadi yuro 10,000 kwa mwaka za ada na kiasi kama hicho cha kujikimu. Kazi ya chama hapo ni kuwasomea barua zao za maombi wiki tatu kabla, siyo usiku wa mwisho. Wapo pia mitandao ya kimataifa: wanawake waunganisheni na WiN (wanawake katika nyuklia), vijana na IYNC (kongamano la vijana wa nyuklia), wa kinga ya mionzi na IRPA (chama cha kinga ya mionzi). Mtu mmoja kwa kila kiungo, kwa jina, na ripoti ya nusu ukurasa kila robo mwaka.

Kuondoka

Miezi mitatu kabla ya muda wako kwisha, kamati iteue watu watatu wasiogombea kusimamia uchaguzi. Orodha ya wapiga kura ifungwe siku 30 kabla ya kura na ibandikwe wazi, ili ugomvi wa nani hajalipa uishe kabla ya siku yenyewe. Kura ya mtandao itumie kiungo cha mtu mmoja mmoja kinachotumwa kwenye barua pepe iliyo kwenye daftari. Fomu ya wazi ambayo kila mwenye kiungo anaijaza mara anazotaka haifai. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje ya kamati kabla ya mkutano mkuu, na ripoti yake iwafikie wanachama siku 14 kabla. Mwenyekiti anayetoka abaki kwenye kamati mwaka mmoja bila kura na bila kuwa mtia saini wa benki. Kazi yake iliyoandikwa ni kufunga madeni ya kongamano lake la mwisho, na kupokea simu za mrithi wake.